Jibu la Swali la Arobaini na Nne

Gaylen Stroh alipanda kizimbani Jumatano saa tatu asubuhi, amevaa suti yake ya mazishi na ameshika kikadi cheupe mkononi. Sisemi suti ya mazishi kwa kejeli. Mwanamume wa mji wetu ana suti moja, na hiyo ndiyo aliyoivaa miezi kumi na minne kabla ya hapo alipokuwa mmoja wa wanaume sita waliolibeba jeneza la Orrin Haverkamp. Leota, mjane wa Orrin, ndiye aliyemwomba abebe. Sasa Leota alikuwa meza ya wadai, hatua nane kutoka kwake, mkoba umesimama wima mapajani.

Mimi nilikuwa chini ya kizimba, mashine ya hati mkato katikati ya magoti. Naitwa Verna Kolterman. Kazi yangu ni kuandika kila neno linalotamkwa katika mahakama ya kaunti, maneno zaidi ya mia mbili kwa dakika, bila kuongeza wala kurembesha. Stashahada ilinichukua miaka miwili na nusu, mtoto mmoja begani na mwingine tumboni, na darasa lililoanza na watu thelathini tulimaliza saba. Kwa hiyo sipendi kuambiwa kwamba ninachapa.

Kesi yenyewe ni hii. Februari ya mwaka uliotangulia, 1996, Orrin alipeleka mahindi yake kwenye maghala ya nafaka ya kampuni moja hapa mjini. Gaylen ndiye aliyekuwa msimamizi. Ndani ya silo kubwa, ghala la bati refu kama mnara, mahindi ya zamani yalikuwa yamelala na unyevu yakafanya ukoko juu, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Chini ya ukoko mashine ilikuwa inayanyonya kuyatoa nje, pakawa na shimo lisiloonekana. Orrin aliingia na mti mrefu kwenda kuuvunja ukoko. Ukoko ulivunjika akiwa juu yake, na mashine haijazimwa. Zima moto walipomaliza kukata bati la silo, hakukuwa na haraka tena.

Kampuni ilisema Orrin alijipandia mwenyewe. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, alichoka kungoja, akapanda bila kutumwa na mtu. Maneno hayo yalitoka kwa kampuni yakaingia mkahawani, na kutoka mkahawani yakafika kwenye foleni ya posta, ambako Leota aliyasikia kwa masikio yake: "Orrin naye, haraka zake zilimponza."

Leota hakugeuka kumjibu aliyesema. Alinunua stempu zake, akavuka barabara, akapanda ngazi hadi kwa wakili Marcella Dvorak.

"Orrin haingii hata jikoni kwangu na viatu," alimwambia. "Ataingiaje silo ya watu bila kuambiwa? Nataka waseme ukweli, tena mbele ya mji."

Ndicho alichokitaka, na ndicho nilichokiona kikipimwa siku zile nne. Tatizo ni kwamba watu waliokuwapo penye silo walikuwa wawili tu. Mmoja yuko makaburini nyuma ya kanisa la Walutheri, na wa pili ndiye huyu mwenye kikadi.

Kikadi aliandikiwa na wakili wake mwenyewe, siyo wa kampuni. Mwendesha mashtaka wa kaunti alikuwa bado na faili wazi juu ya kifo kile. Anayemtuma mtu ndani ya silo wakati mashine inanyonya anaweza kushtakiwa kwa kuua kwa uzembe, na chochote ambacho Gaylen angesema kwetu kingebebwa kesho yake kupelekwa huko. Basi wakili alimwandikia sentensi moja na kumwambia asitoke nje yake hata akiulizwa jina la mbwa wake.

Kabla hajaanza kuulizwa, Jaji Rademaker aliligeukia jopo. Walikuwa raia wanane walioteuliwa kuiamua kesi, watano wanawake na watatu wanaume. Nawajua wote. Mmoja hunisuka nywele kwa dawa kila baada ya miezi mitatu, mwingine anafuga batamzinga.

"Shahidi ana haki ya kutojitia hatiani kwa kinywa chake," Jaji alisema. "Haki hiyo sikumpa mimi, na siwezi kumnyang'anya. Ingekuwa kesi ya jinai, ningewakataza hata kuufikiria ukimya wake. Hii siyo jinai. Ni raia anamdai raia. Hapa mnaruhusiwa kuuweka ukimya wake kwenye mizani pamoja na ushahidi mwingine. Mnaruhusiwa, hamlazimishwi."

Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika mara mbili tatu katika maisha yangu ya kazi, na kila mara nywele za mikono husimama. Hebu fikiria. Serikali nzima, na bendera zake na polisi wake na magereza yake, haiwezi kumfumbua mdomo msimamizi wa maghala wa kaunti ndogo ya Iowa. Anakaa pale juu kama mfalme, mdomo ni wake. Kisha watu wanane wasio na cheo chochote, msusi na mfuga batamzinga, wanaruhusiwa kuusoma mdomo uliofungwa. Mimi huandika kila kitu, na kitu hicho hakiandikiki.

Marcella Dvorak alisimama. Ni mwanamke mfupi, sauti kama kengele ya shule.

"Bwana Stroh, Februari tisa ulikuwa zamu?"

Gaylen alitazama kikadi. "Kwa ushauri wa wakili wangu, naomba nisijibu swali hilo, kwa haki niliyonayo ya kutojitia hatiani."

"Ulimwona Orrin Haverkamp siku hiyo?"

"Kwa ushauri wa wakili wangu, naomba nisijibu swali hilo, kwa haki niliyonayo ya kutojitia hatiani."

"Ulijua mahindi yamefanya ukoko?"

Sentensi ile ile. Asiyeijua kazi ya mawakili hudhani ni upuuzi kumuuliza mtu ambaye umeshajua hatajibu. Siyo upuuzi. Marcella alikuwa anasimulia hadithi nzima kwa maswali, kipande kwa kipande. Je, ulimwita kutoka kwenye lori lake? Je, ulimwambia, panda huko Orrin unisaidie tumalize? Je, wewe ndiye uliyempa ule mti? Je, mkono wako ulikuwa karibu na swichi? Kila swali lilikuwa tofali, na kila jibu saruji ile ile.

Kufikia swali la sita nilichoka kuiandika sentensi nzima. Sisi watu wa hati mkato tuna vifupisho, na kila mmoja hujitungia vyake. Kuna wanaoliandika jina la mkoa mzima kwa pigo moja. Mimi nilitenga vidole vitatu vya kushoto na viwili vya kulia: ukibonyeza mara moja, sentensi yote inatokea na nukta yake. Kuanzia swali la saba kazi ikawa laini. Swali, pigo. Swali, pigo. Kama kukanda unga ukiwaza mengine.

Na mengine nilikuwa nayo ya kuwaza. Asubuhi hiyo nilikuta mlango wa gereji umebonyea kwa chini, na rangi nyekundu ya gari letu imebaki kwenye bonde hilo, na binti yangu wa mwisho, Corliss, miaka kumi na sita, akasema hajui lolote.

Nieleze na jambo la skrini. Mwaka ule Jaji Rademaker alikuwa ameishinda halmashauri ya kaunti baada ya kuigombeza miaka miwili, akapata skrini tatu: moja mezani kwake, na moja kwa kila upande wa mawakili. Ninachoandika kinatokea hapo wakati huo huo, kwa maneno ya kawaida. Nilikuwa mwandishi wa kwanza katika mahakama za upande wetu kufanya hivyo, na walikuja watu kutoka kaunti jirani kututazama kama ng'ombe wa maonyesho. Lakini skrini zilileta tabia mpya. Mawakili waliacha kumtazama shahidi. Jaji naye. Ukiinua macho unaona utosi tu.

Mimi sitazami skrini wala vidole. Nilifundishwa kutazama midomo.

Marcella aliuliza maswali thelathini na saba akakaa. Ndipo Thornquist, wakili wa kampuni, akainuka. Mrefu, mpole, viatu vya bei, katoka Des Moines, makao makuu ya Iowa. Naye alitaka kusimulia ya kwake.

"Bwana Stroh, Orrin alikuwa mtu wa kuchoka upesi kusubiri, sivyo?"

Sentensi. Pigo.

"Na siku ile foleni ilikuwa ya malori kumi na moja?"

Sentensi. Pigo.

Akaendelea hivyo mara sita. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfungulia mwenzake mlango. Hata mimi nilielewa anachompa. Alikuwa anamwambia: Gaylen, hapa kuna njia ya kutokea, haina hatari. Sema tu ndiyo. Marehemu hashtakiwi.

Kisha swali lake la mwisho, la arobaini na nne kwa hesabu ya siku hiyo.

"Ukweli ni kwamba hakuna aliyemtuma Orrin Haverkamp ndani ya ile silo. Alipanda mwenyewe, kwa matakwa yake. Sivyo?"

Vidole vyangu vikapiga.

Vilipiga kabla Gaylen hajafumbua mdomo. Sijui nilimtangulia kwa muda gani, nusu pumzi. Sentensi arobaini na tatu zilizotangulia zilikuwa zimevifundisha njia vikajiendea vyenyewe. Nikamtazama mdomo, nikingoja uje kunikuta.

Haukuja. Gaylen aliweka kikadi juu ya ubao wa kizimba, maandishi chini, akakifunika kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa imebanwa hadi ikawa myeupe. Alikuwa anamtazama Leota. Wala hakuwa na uso wa kuomba msamaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyebebeshwa kitu kizito na hajui atakiweka wapi. Na Leota alimtazama vile vile, mkoba umesimama wima. Katika kazi yangu nimeshaona watu wakilia, wakitukana, mmoja akizimia. Sijaona kitu kikubwa kama pale ambapo hakuna kilichotokea.

Thornquist alitupia jicho skrini yake. Sentensi ilikuwa hapo, na nukta yake.

"Sina swali jingine, Mheshimiwa."

Jaji akatazama yake. "Shahidi anaweza kushuka. Tutarudi saa saba na nusu."

Watu wakaondoka. Nilibaki nimekaa na mashine, nikitazama mstari ambao haukusemwa na mtu yeyote duniani, na umekwisha kwenda kwenye skrini tatu kwa jina la Gaylen Stroh.

Nilikwenda nyumbani kula, maana ni dakika nne. Corliss alikuwa amebaki na mafua. Nilipasha viazi vya jana na nyama ya kusaga, tukakaa. Kwa kawaida ningeanza na mlango wa gereji kabla ya kuvua koti. Siku hiyo niligeuza uma tu.

Afadhali niseme niliyokuwa nawaza. Kuufuta mstari ule kimyakimya kusingenishinda, ni kazi ya dakika moja, na hakuna ambaye angeuliza. Lakini mawakili walikuwa wameuona. Kuuacha ni rahisi zaidi: kila mtu ameshaamini. Arobaini na nne badala ya arobaini na tatu, nani anahesabu? Nikisema, basi mwandishi wa kwanza wa skrini katika upande wetu ameandika maneno kabla ya mtu kuyasema. Kurasa zangu zote za mwaka zingeshukiwa. Halmashauri ingezirudisha skrini dukani na mimi juu yake. Na nyumbani mshahara wa uhakika ulikuwa wangu. Wa mume wangu hungoja mvua.

"Mama."

"Nini."

"Mbona huniulizi tena?"

"Kuhusu nini?"

"Gereji." Akapenga kamasi. "Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kusema sijibu bila wakili wangu."

"Wakili wako nani?"

"Baba."

"Baba yako ana kesi zake mwenyewe."

Alicheka, akaacha. Nikaendelea kugeuza uma. Sikuwa nikimtega, sikuwa na nguvu ya kutega mtu. Lakini alinitazama, akaangalia sahani, akanitazama tena.

"Basi ni mimi," alisema. "Nilisahau kuweka gia ya kurudi nyuma. Ulivyonyamaza hivyo unanitisha, afadhali upige kelele."

"Utaupaka rangi mlango Jumamosi."

"Ndiyo tu?"

"Unataka na kifungo?"

Nikavaa koti.

Nilimkuta Jaji Rademaker ofisini kwake, sandwichi ya nyama ya nguruwe iko nusu njiani. Ni mtu mnene mwenye mikono midogo, na tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja.

"Mheshimiwa, nimeandika kitu ambacho hakikusemwa."

Aliiweka sandwichi chini taratibu kama kikombe kilichojaa. Nilimweleza. Hakunikatiza.

"Verna," alisema mwishoni, "mawakili wote wawili hawakulalamika. Mimi mwenyewe naweza kuapa nilimsikia."

"Ulimsoma, Mheshimiwa. Hukumsikia."

Masikio yakamwiva.

"Una hakika?"

"Nilikuwa namtazama mdomo. Ninyi mlikuwa mnatazama wangu, pale kwenye skrini."

Tulirudi mahakamani bila jopo. Mawakili walikuwapo, Leota alikuwapo. Gaylen na wakili wake walirudishwa kutoka ukumbini wakakaa benchi la nyuma. Jaji alinitaka nipande kizimbani niape. Miaka kumi na tisa nimekaa chini ya kiti kile, sikuwahi kujua kuwa kutoka juu unaona vumbi la juu ya taa. Wakati ule mashine yangu ilikuwa peke yake pale chini. Waliwasha kinasa sauti cha zamani cha karani wa kaunti, kikawa kinakoroma kama mzee.

Jaji alinitazama. "Kabla hujasema, nikukumbushe, kuharibu kumbukumbu za mahakama ni jambo zito. Haki aliyo nayo Bwana Stroh na wewe unayo. Si lazima ujibu."

Alisema kwa wema. Nikauona mlango umefunguliwa, na nyuma yake ni pazuri, kimya, hakuna mtu atakayekugusa. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa kile kikadi. Asubuhi nzima nilikikanda kama unga.

"Nitajibu," nilisema.

Thornquist alinishika dakika ishirini, na upole wake wote aliuacha mezani.

"Bi Kolterman, una kifupisho cha sentensi hii?"

"Ninacho."

"Pigo moja?"

"Pigo moja."

"Kwa hiyo kidole kikiteleza tu, shahidi amesema."

"Vidole vitano. Na havikuteleza, vilitangulia. Ni kosa langu."

"Vilitangulia mara ngapi asubuhi hii?"

"Mara moja."

"Umejuaje kwamba si mara ishirini?"

"Kwa sababu mara arobaini na tatu mdomo wake ulifumbuka na maneno yakatoka. Mara ya arobaini na nne alikifunika kikadi kwa mkono. Naandika ninachosikia, Bwana Thornquist. Pale hapakuwa na cha kusikia."

"Na hukusema wakati ule ule. Ulikwenda kula kwanza."

"Ndiyo. Viazi."

Kuna aliyekohoa kuficha kicheko. Thornquist hakucheka. Aliomba kesi yote ifutwe ianze upya na jopo jipya. Jaji alikataa.

"Kumbukumbu itasahihishwa," alisema. "Lakini swali bado linaning'inia. Bwana Thornquist, ni swali lako. Shahidi yuko pale nyuma. Nikimrudisha kizimbani utamuuliza tena?"

Nikamwona Thornquist akigeuka kumtazama Gaylen. Ilikuwa mara yake ya kwanza siku ile, nadhani, kumtazama yeye badala ya skrini. Alimtazama kwa muda. Kikadi hakikuwa mkononi kwa Gaylen, kilikuwa mkononi kwa wakili wake, ambaye alikuwa anakisukuma kwenye goti la mteja, na mteja hakipokei.

"Hapana, Mheshimiwa," Thornquist alisema. "Sitauliza."

"Bi Dvorak?"

Marcella alikuwa ameshasimama, kalamu imeelekezwa mbele kama fimbo. Leota alimvuta mkono wa koti.

"Kaa chini, Marcella."

"Leota, jamani, huyu yuko tayari. Nikimuuliza sasa hivi anasema."

"Najua."

"Basi?"

"Akisema, wanampeleka jela. Aliulizwa kama Orrin alijipeleka. Angesema ndiyo moja tu angekwenda zake nyumbani, na hakuisema." Sauti yake haikupanda. "Mimi nimeshamsikia. Kaa chini."

Marcella alikaa. Jaji alishusha macho kwenye karatasi zake, akazipanga ingawa zilikuwa zimepangwa. Nilishuka, nikaketi kwenye mashine, nikafuta ile sentensi. Mahali pake niliandika maneno mawili yaliyo kwenye mabano katika kila kitabu cha kazi yetu, na ambayo sikuwahi kuyafikiria kwa zaidi ya sekunde: hakuna jibu.

Kisha nikafungua kamusi ya mashine na kukifuta kifupisho chenyewe. Tangu siku hiyo, mtu akija na kikadi, naiandika sentensi yake neno kwa neno, baada yake.

Jopo liliingia kujadiliana Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Saa tisa wakapiga kengele. Walitaka kusomewa ushahidi wa Gaylen Stroh, wote, tangu mwanzo.

Hiyo pia ni kazi yangu. Sheria yake ni kusoma kwa sauti bapa, bila kupanda wala kushuka, bila kusimama mahali ambapo hapana alama. Huruhusiwi kuigiza. Nilisimama mbele ya wale wanane na kurasa zangu. Gaylen hakuwapo. Leota alikuwa mahali pake.

"Swali: Februari tisa ulikuwa zamu? Jibu: Kwa ushauri wa wakili wangu, naomba nisijibu swali hilo, kwa haki niliyonayo ya kutojitia hatiani. Swali: Ulimwona Orrin Haverkamp siku hiyo? Jibu: Kwa ushauri wa wakili wangu..."

Mara ya kumi msusi wangu alikuwa anakagua kucha. Mara ya ishirini na tano mfuga batamzinga alikuwa amefumba macho, na sikumlaumu. Sentensi ilikuwa imegeuka kelele, kama kiyoyozi. Thornquist alikuwa akiandika kitu kingine. Nilifika kwenye maswali yake: kuchoka kusubiri, malori kumi na moja. Sauti bapa. Nikafika la mwisho.

"Swali: Ukweli ni kwamba hakuna aliyemtuma Orrin Haverkamp ndani ya ile silo. Alipanda mwenyewe, kwa matakwa yake. Sivyo? Hakuna jibu."

Nikafunga kurasa.

Mfuga batamzinga alifumbua macho. Wanane wote walikuwa wananitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo mimi, mimi ni samani katika chumba kile. Kimya kilikuwa kile kile cha jana, kana kwamba nilikuwa nimekibeba kwenye makaratasi nikakifungua mbele yao.

Msusi aliinua mkono. "Mheshimiwa, tunaweza kusomewa tena hapo mwisho?"

"Bi Kolterman," Jaji alisema.

Nilisoma tena. Sauti bapa. Nilipofika kwenye yale maneno mawili sauti haikutikisika, na hilo najivunia.

Walirudi baada ya dakika arobaini. Fomu ya uamuzi katika mahakama zetu ina maswali. Swali la kwanza, je, kampuni ilikuwa na kosa? Mfuga batamzinga, waliyemchagua awe msemaji wao, alisema ndiyo. Swali la pili, je, Orrin Haverkamp mwenyewe alikuwa na kosa lolote katika kifo chake?

"Hapana," alisema. Kisha, bila kuulizwa, akamtazama Leota na kuongeza: "Wote wanane, mama."

Nililiandika na hilo. Lilisemwa.

Faili la mwendesha mashtaka lilikaa wazi hadi majira ya baridi, likafungwa. Gaylen aliacha kazi kwenye maghala. Sasa anaendesha lori la maziwa, na tukipishana barabarani huinua kidole kimoja juu ya usukani kama mtu mwingine yeyote. Halmashauri ilinijadili kwa mikutano miwili. Skrini zilibaki na mimi nikabaki, ila Jaji alizigeuza pembeni kidogo, hivi kwamba ukitaka kusoma lazima upinde shingo.

Wiki moja baada ya uamuzi Leota alikuja ofisini kwangu. Hakutaka kumbukumbu zote za kesi. Alitaka ukurasa mmoja. Niliutoa, nikaupiga muhuri, nikaandika chini yake kama ninavyoandika chini ya kila ukurasa unaotoka mkononi kwangu, kwamba mimi, Verna Kolterman, nathibitisha kuwa haya ni ya kweli na kamili. Nikatia sahihi.

Alivaa miwani akausoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari hadi chini.

"Ndicho alichosema hiki?"

"Ndicho."

"Chote?"

"Chote."

Aliukunja mara mbili, akautia mkobani, akaubana mkoba mpaka ukalia, akatoka kwenda posta, kwenye foleni ile ile.